Bega la Akeyo

Ochan hakuwa mtu wa kukuonyesha nguo kwa upande wa nje. Ukienda kuchukua suruali yako, anaitoa kwenye msumari, anaigeuza ndani nje kwa mkupuo mmoja kama mtu anayechuna sungura, kisha anakuwekea mshono chini ya pua. "Angalia hapa," anasema. "Nje nguo inadanganya. Hapa ndiyo inasema ukweli." Wewe unataka tu kujua kama itafunga kiunoni, naye yuko kwenye uzi.

Ndivyo alivyolelewa. Miaka ishirini na sita alishona sare katika kambi za jeshi, kaskazini na magharibi, na afande wa ukaguzi hakuwa na habari na uzuri. Alikuwa anageuza shati, anavuta uzi kwa ukucha. Uzi ukifuata ukucha, fundi naye anafuata askari kwenda mahabusu. Mtu aliyepita shule ya namna hiyo haachi tena kuogopa ukucha, hata akistaafu.

Alipostaafu walifungua kibanda Wandegeya, Kampala, yeye na mkewe Namalwa, kwenye ujia mwembamba kati ya duka la kuchapisha karatasi za wanafunzi na jiko la chapati za mayai. Cherehani mbili, pasi ya makaa, meza ya kukatia. Kioo hakikuwepo. Namalwa alikidai tangu siku ya kwanza, na jibu likawa lile lile: "Kioo ya nini, Mama Byron? Macho yangu iko." Kambini hakuna askari aliyejitazama. Fundi alitazama kwa niaba yake, akasema sawa, na ikawa sawa.

Huyo Namalwa alikuwa mwanamke wa Bungoma, aliyekuja Kampala akiwa binti, anauza vitunguu. Ndoa yao ilikuwa na miaka ishirini na minne, lakini ukiondoa likizo zote na ruhusa zote za Krismasi, kukaa pamoja hasa, kula chakula cha sufuria moja siku saba za wiki, kulikuwa ni kwa hii miaka mitatu tu ya kibanda. Na katika miaka hii mitatu Namalwa aligundua mambo ambayo barua hazikumwambia. Kwamba mumewe huimba akipiga pasi, na huimba vibaya. Kwamba hupiga pasi hata kitambaa cha kufunikia mkate. Kwamba akiwa amemaliza kazi nzuri hanyanyui kichwa, anasafisha koo mara mbili, ndiyo furaha yake yote hiyo. Alikuwa amempenda mtu kwa miaka mingi bila kuwa naye. Sasa alikuwa naye, akaona ni bora kuliko alivyokisia.

Basi fikiria moyo wake siku simu ilipolia. Kampuni ya ulinzi, inayopeleka askari Uarabuni, ilitaka mtu mzima mwenye nidhamu wa kusimamia stoo ya sare kambini kwao. Mkataba miaka miwili. Kuripoti tarehe ishirini na nane.

"Nitaenda," Ochan alisema.

"Utaenda wapi, Baba Byron? Si ulisema umerudi?"

"Nimerudi kufanya nini? Wateja iko wapi? Mwanaume anakaa anaangalia cherehani, cherehani inaangalia yeye. Mimi si pambo."

Hapo alisema kweli. Kibanda kilikuwa na siku nzima ambazo hakuna aliyekanyaga ila mwanafunzi aliyepotea akitafuta mahali pa kuchapisha.

"Nipe mwezi huu," Namalwa alisema. "Mwanetu Byron alinionyesha mambo ya simu. Niache niwaonyeshe watu kazi yako. Ikifika ishirini na nane hakuna watu, mimi mwenyewe nitakupangia begi."

Ochan alicheka kidogo. "Chema chajiuza, mama. Sisi wazee tulisema hivyo."

"Chajiuza, ndiyo. Lakini lazima kwanza kionekane."

Akakubali. Na kwa kuwa ni mtu wa mpango, akatwaa simu mwenyewe, akaiegemeza kwenye kopo la vifungo, akafanya alichokijua: akageuza shati ndani nje mbele ya kamera. Akaonyesha mshono wa kulaza, kila kipande kimefichwa ndani ya mwenzake, hakuna uzi unaochungulia. Akaonyesha tundu la kifungo la kushona kwa mkono. Uso wake hauonekani, ni vidole tu na ile sauti ya kambini: "Moja, unakunja. Mbili, unapiga pasi. Usikimbie. Kukimbia ni ya vita."

Jamani, ile video ilikimbia yenyewe. Siku ya tatu watu elfu arobaini walikuwa wameiona. Wakampa jina, Afande Mshono. Namalwa alimsomea maneno yao huku mzee anapiga pasi.

"Huyu anasema, mwalimu, hiyo sindano ni namba ngapi?"

"Mwambie kumi na sita."

"Huyu anasema hajaona tundu kama hilo tangu babu yake afe."

Ochan akasafisha koo mara mbili.

Bonny, mwenye duka la kuchapisha, akawa anapita anampigia saluti. "Ssebo, wewe sasa ni msomesa! Mwalimu wa taifa!" Namalwa naye akanunua majani ya chai, akapangusa benchi, akangoja wateja.

Walikuja Jumatano saa tatu asubuhi, wanaume saba, wamejipanga kwenye ujia kama watu wa kura. Namalwa alipowaona moyo ulimruka. Saba kwa mpigo! Akawasha jiko, akakoroga sukari bila kupima.

"Karibuni, karibuni sana. Ni suti za harusi?"

Aliyetangulia, Mjaluo mrefu wa Nakivubo aitwaye Oyugi, akavua kofia. "Hapana, mama. Tumekuja kuona tundu la kifungo."

Ndipo Namalwa alipotazama vizuri. Wote saba walikuwa na futi za kupimia zinaning'inia shingoni.

Mafundi. Saba wote mafundi. Walikaa mpaka adhuhuri, wakamaliza sukari na bunda moja la uzi wa kujaribia, wakauliza maswali mazuri ambayo hakuna mteja duniani angeyauliza. Na Ochan! Ochan alikuwa kama bwana harusi. Alizunguka nyuma yao mikono mgongoni, anavuta nyuzi zao kwa ukucha, anasema, "Hii hapana. Hii mzuri. Wewe, unaitwa nani? Oyugi? Oyugi, mkono yako iko na akili." Watu elfu ishirini na sita walivaa kazi yake maishani na hakuna aliyejua jina lake. Leo watu saba wamepanda teksi kuja kumwita mwalimu.

Walipoondoka Namalwa alikaa kwenye benchi akacheka mpaka machozi, kwa sababu mtu ama acheke ama alie.

"Baba Byron, umefungua chuo."

"Ni watu mzuri," alisema Ochan.

"Ni wazuri. Lakini fundi kumsifu fundi ni kinyozi kumnyoa kinyozi. Ni nani kati yao atakuletea kitambaa umshonee?"

Ochan akarudi mezani. Alikuwa anakusanya vipande vyao vya kujaribia, anavikunja kimoja kimoja, kwa adabu, kana kwamba ni barua. Namalwa aliona vile akaenda kuosha vikombe. Jioni ile alipitia maneno yote chini ya zile video, mamia kwa mamia. Sindano, uzi, pasi, chaki. Hakuna mmoja aliyeuliza, mnafunga saa ngapi? Hakuna aliyeuliza, mimi mtanishonea? Na tarehe ilikuwa kumi na tatu.

Jumapili, kanisani kwao Namuwongo, chini kule karibu na reli, kwenye usharika wa Wakenya, Namalwa alisimama kwenye kwaya karibu na Akeyo. Akeyo ni mama wa samaki wa kukausha, sauti ya tarumbeta, mwili wa kutosha. Kila wakati wa kuinua mikono yeye aliinua mmoja. Wa pili ulikuwa kazini, unavuta blauzi. Bega lake la kushoto lilishuka zamani, siku gunia lilipomwangukia kutoka juu ya lori, na tangu hapo kila blauzi humteleza upande ule kama mtoto kwenye utelezi.

"Akeyo, si uje tukushonee moja ya kukaa? Hujaona video zetu?"

"Niliona moja, mama. Nikaona shati limegeuzwa, mtu anavuta nyuzi. Nikadhani mnauza mitumba mnaonyesha palipochanika." Akeyo akacheka cheko lake la sokoni. "Sasa mimi mambo ya ndani ya shati nitayajulia wapi? Mimi nataka kujua kama mtu mwenye bega kama hili ataonekana mtu."

Namalwa alirudi nyumbani na neno lile kama aliyebeba yai.

Jumanne Akeyo alikuja na kitambaa cha buluu. Ochan alimzunguka mara mbili kama ukaguzi wa gwaride. Hakusema kitu juu ya bega, wala macho hayakulikalia. Akapima bega la kulia, akaandika. Akaulizia bei ya samaki. Akiwa bado anajibiwa, akapima la kushoto peke yake, akaandika pembeni. Kambini nako kulikuwa na wanaume walioshuka tumbo, waliopinda mgongo, waliopigwa risasi mguuni, na fundi mwenye heshima haulizi, anakata tu. Alikata upande wa kushoto kwa namna yake, akaweka tabaka mbili nyembamba ndani ya bitana, akainua shingo ya blauzi upana wa punje ya mahindi.

Alhamisi Akeyo aliivaa. Akageuka huku na huku. "Kioo kiko wapi?"

"Hakuna," Ochan alisema. "Iko sawa."

"Iko sawa kwa nani? Wewe ndiye unavaa?"

Namalwa akachomoa simu, akageuza kamera ya mbele, akamnyooshea. "Jitazame hapa." Na huku amenyoosha mkono vile, kidole chake gumba kikagusa kile kitufe chekundu cha kurekodi.

Akeyo alijitazama. Alinyamaza, na kunyamaza kwa Akeyo si jambo dogo. Halafu akainua mkono wa kulia, taratibu, kama anavyoinua kanisani. Akangoja. Akainua na wa kushoto. Blauzi haikusogea. Akaishusha mikono, akaiinua tena upesi, kama anayetaka kuikamata blauzi ikidanganya. Haikusogea.

"Miaka tisa," alisema kwenye simu, kana kwamba kuna mtu mle ndani. "Miaka tisa naimba kwa mkono mmoja." Kisha akaanza kuimba, pale pale katikati ya kibanda, mikono yote juu, mpaka mpishi wa chapati akaacha mayai yaungue na Bonny akachungulia kuuliza kama kuna harusi.

Ochan alikuwa amesimama nyuma na pini mdomoni. Akasafisha koo. Mara mbili.

"Weka hiyo," Akeyo alisema alipoonyeshwa. "Iweke watu waone."

"Hapana," Ochan akasema, akatema pini mkononi. "Mwili ya mteja ni siri. Mimi siwezi kutangaza bega ya mtu."

"Afande, hili bega ni langu au ni la serikali?"

"Ni lako, mama."

"Basi nimeliruhusu. Weka."

Namalwa akaiweka kama ilivyo, akaandika tu: Akeyo alikuwa na bega lililoshuka. Fundi Ochan, Wandegeya, ujia wa wachapishaji, saa mbili mpaka saa kumi na mbili.

Mafundi ndio waliofika kwanza, kama kawaida yao. Oyugi aliandika, "Mwalimu, leo mshono uko wapi?" Mwingine, "Sioni ufundi hapa, naona mama anaimba." Mwingine, "Afande ameanza michezo." Waliotazama hawakufika hata robo ya wale wa tundu la kifungo. Namalwa alitaka kuruka maneno yale, lakini Ochan alikuwa ameegemea mgongoni kwake, anasoma mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi.

"Ondoa," alisema.

"Baba Byron."

"Wanasema sijui kazi. Ile bega ni kazi ngumu kuliko tundu mia. Lakini haionekani. Mimi nilificha, ndiyo kazi yake, kufichwa. Sasa wanasema hakuna kitu. Ondoa."

Namalwa alimgeukia. Zile nyusi zilikuwa zimeshuka kama za mtoto aliyenyimwa zamu. "Sikiliza, mzee wangu. Sikunyang'anyi watu wako. Jumatatu utawafundisha, geuza mashati mpaka yachoke. Lakini siku nyingine hizi ni za watu wenye mabega. Hawa hawajui mshono, wanajua tu panapowateleza. Niachie mpaka kesho."

Ochan akanung'unika kwa Kiacholi, lugha anayoitumia akishindwa hoja, akaenda kuwasha pasi.

Kesho yake simu ilianza kulia kabla hawajafungua kufuli. Si maneno ya hadharani chini ya video. Hawa walikuja kwa siri, wakiongea chini chini. "Mama, mimi baada ya opresheni tumbo langu limekaa upande." "Dada, mguu wangu mmoja mfupi, na mafundi wote wananikatia miguu sawa." "Mimi ni mkubwa kifuani, shati likifunga juu halifungi chini. Huyo mzee atanicheka?" Na wote, mwisho, neno lile lile alilolingojea Namalwa kama mvua: mnafunga saa ngapi?

Hakuna aliyeuliza namba ya sindano.

Aol alikuja, askari polisi, nyonga pana na kiuno chembamba, ambaye tangu apewe sare alitembea ameshika mkanda. Akaja mwalimu wa shule ya watoto. Akaja msichana na shangazi yake, na shangazi akajikuta naye anapimwa. Ochan aliwazunguka wote mara mbili, akawauliza bei ya vitu. Na kwa kila mmoja alifanya desturi yake: akakata kipande cha kitambaa, akaandika jina na tarehe ya kuchukua, akakibana kwa pini kwenye kazi. Tarehe ya Ochan ikishabanwa imebanwa. Kambini waliiogopa kuliko tarehe ya kesi. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kuvuka hata moja.

Namalwa aliona wateja, akafurahi. Halafu akaona vile vipande akapoteza furaha. Ishirini na nne. Ishirini na tano. Ishirini na saba. Hakuna kilichovuka. Mzee alikuwa anamaliza kazi za watu kama mtu anayefunga nyumba. Namalwa hakuthubutu kuuliza. Mtu ameahidi kampuni, ameahidi na mkewe, na ahadi ni ahadi. Ukimvuta mwanajeshi kwa nguvu anasimama wima tu.

Tarehe ishirini na saba begi lilikuwa limeegemea mlango wa kibanda, maana alitaka kulipitisha kwa fundi zipu. Limepangwa, limenyooka, hata lenyewe lilionekana limepigwa pasi. Kazi ya mwisho, suruali ya Aol, ilikuwa imechukuliwa. Misumari mitupu. Namalwa alikuwa anachambua vifungo ambavyo havikuhitaji kuchambuliwa.

Mtu akabisha hodi. Mzee, koti limetundikwa mabegani bila kuingizwa mikono.

"Naitwa Ongom. Nilikuwa dereva wa malori. Binti yangu alinionyesha yule mama anayeimba." Akalishusha koti. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, tangu ugonjwa wa utotoni. "Huyo binti anahitimu chuo hapo juu. Wa kwanza kwetu. Sijawahi kuvaa suti. Mkono wa koti hujaa upepo, watu wanaangalia mkono badala ya kuniangalia mimi. Siku hiyo nataka kupigwa picha nikiwa nimesimama hivi." Akasimama hivi.

Ochan akamtazama muda. Akachukua futi. Akamzunguka mara moja. Akamzunguka mara ya pili.

"Mafuta ya lori siku hizi ni bei gani, mzee?"

Wakaongea mafuta. Futi ikapita juu ya ule mkono mwembamba, begani, kiwikoni, kifundoni, polepole kuliko Namalwa alivyowahi kuiona ikipita juu ya mtu yeyote.

"Itachukua siku nyingi," Ochan alisema mwishoni. "Mkono hii lazima nijaze ndani, tabaka kwa tabaka. Mtu mwingine hawezi. Ataharibu."

"Ni sawa. Mahafali ni tarehe kumi na mbili, mwezi unaokuja. Itawahi?"

Kifungo kilimponyoka Namalwa kikabingirika chini ya meza. Akainama kukitafuta, akakaa huko chini, kwa sababu ni afadhali kuficha uso. Alisikia mkasi mdogo ukikata kipande cha kitambaa. Alisikia kalamu ikikwaruza. Kisha pini ikipenya.

Mzee Ongom akaaga, akaondoka na koti lake mabegani. Namalwa akainuka na kifungo mkononi. Ochan alikuwa amempa mgongo, anatandaza kitambaa cheusi mezani, analainisha mikunjo kwa kiganja. Kipande kilikuwa kimebanwa kwenye pindo, maandishi makubwa ya kambini: ONGOM. TAREHE 11.

"Baba Byron," alisema, akakirudisha kifungo kwenye kopo. "Na kampuni?"

"Nitawapigia. Nitasema ukweli, niko na kazi ya mtu." Akalainisha mkunjo mwingine. "Na Jumatatu Oyugi anakuja. Nilimwambia nitamwonyesha namna ya bega. Anasema sasa ameelewa alikuwa anatazama nini."

Akainama, akapapasa juu ya meza, chini ya meza, kwenye rafu.

"Mama Byron, mkasi yangu kubwa iko wapi?"

"Uko ndani ya begi. Uliupanga mwenyewe, chini kabisa."

Ochan akalitazama begi pale mlangoni, lilivyopangwa kwa ustadi ule. Akasafisha koo mara mbili.

"Basi toa," alisema. "Toa vitu yote."